Ufaransa kipindi cha baridi ukiwa na dogo wa mwaka na nusu: panga hivi usijitese

Kabla hujafungua ramani ukaanza kuchora mstari wa Paris, Strasbourg, Lyon, Annecy, Nice afu kurudi Paris, yote ndani ya siku nane, naomba ufanye hesabu moja ndogo. Desemba pale Paris jua linachomoza kwenye saa mbili na dakika arobaini asubuhi na linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, yaani una masaa nane na kidogo ya mwanga basi. Toa masaa mawili dogo analala mchana, toa nusu saa ya kumvalisha kila mnapotoka (na hapo ni kama hajajinyea ukishamaliza kufunga zipu ya mwisho), toa muda wa kula, unabaki na masaa manne, matano ukiwa na bahati. Hayo ndo masaa yako, safari nzima inapangwa ndani ya hayo.

Sisi mara ya kwanza hatukuifanya hiyo hesabu. Tulikuwa na miji minne, usiku saba, binti wa mwaka mmoja na miezi minane, na orodha ya vitu vya kuona iliyoandikwa na watu wasio na watoto. Siku ya tatu alikaa chini katikati ya daraja akagoma, mbele haendi nyuma hataki, upepo unapuliza kutoka mtoni, na baba yake ananiangalia kwa lile jicho la nilikwambia. Wala hakuwa ameniambia. Mara ya pili tulienda miji miwili tu, na hiyo ya pili ndo nawaelezea hapa.

Kwahiyo usiku saba, miji miwili. Usiku kumi, mitatu, na huo wa tatu uwe wa kupumzika sio wa kuzunguka. Kila siku panga kitu kimoja tu asubuhi, cha jioni kikitokea ni bonasi.

Mwezi kwanza, miji baadaye

Watu wengi wanaanza na miji, mi nasema anza na mwezi maana baridi ya Desemba na ya Februari ni safari mbili tofauti kabisa.

Desemba ni taa na masoko ya Krismasi. Hapo Paris na Strasbourg zinaendana vizuri, treni ya kasi ya TGV kutoka kituo cha Gare de l'Est cha Paris inachukua kama saa moja na dakika hamsini, kwahiyo dogo analala njiani akiamka mmefika. Soko la Krismasi la Strasbourg ni la tangu 1570 na linaanza mwishoni mwa Novemba, ila sikiliza: jioni ya Jumamosi na kigari cha mtoto pale usithubutu. Watu wamebanana, we unasukuma huoni mbele, na mtoto akiwa chini kwenye kigari anachoona ni makalio na mifuko ya watu. Nenda siku ya kazi mara tu vibanda vinapofunguliwa, mzungukie ule mti mkubwa wa Place Kléber, mnunue kitu cha moto, mrudi kulala. Jioni toka tena nusu saa tu kuona taa zikiwaka, mtoto akiwa kwenye mbeleko. Strasbourg iko ndani bara kwahiyo inauma kuliko Paris, joto kucheza karibu na sifuri ni kawaida.

Lyon Desemba nayo ni nzuri ila angalia tarehe, karibu na tarehe 8 kuna Fête des Lumières, sherehe ya taa, mji mzima unafurika na malazi yanapanda. Na dogo mi ningeikwepa.

Januari ndo mwezi wangu. Sikukuu zimeisha, bei za malazi zimeshuka, na kwenye wiki ya pili hivi zinaanza soldes, yale mapunguzo makubwa ya bei ambayo serikali yenyewe ndo inapanga tarehe zake. Jaketi la mtoto, buti, kofia, vyote unavipata kwa bei ya kueleweka. Kwahiyo ukienda Januari wala usijitwishe kununua kila kitu kabla ya safari, beba vya kumtosha siku mbili za kwanza, vingine utavikuta huko. Hata nje ya soldes, Decathlon ambayo ni kampuni ya hukohuko ina nguo za theluji za watoto wadogo kabisa kwa bei isiyoua.

Februari shida yake ni likizo za shule. Wameigawa nchi kwenye kanda tatu, A, B na C, kila kanda inafunga wiki mbili kwa kupishana, kwahiyo kuanzia mwanzo wa Februari mpaka kuingia Machi kuna kanda fulani iko likizo na wote wanakimbilia milimani. Kama unataka theluji ya milima ya Alps nenda Januari. Kama Februari ndo muda pekee ulionao, geuza safari iende kusini, Nice mchana inafika nyuzi 12, 13, dogo anakimbia Promenade des Anglais, ile barabara ya ufukweni, na sweta tu. Ila ni masaa karibu sita kwenye treni kutoka Paris, na mtoto wa mwaka na nusu masaa sita, mmh, wewe mwenyewe unamjua mwanao. Mi ningekata katikati nilale Lyon.

Lyon kwenyewe wanaionea, watu wanaipita tu. Kuna Parc de la Tête d'Or, bustani ya hekta 117 ina bwawa na wanyama ndani, twiga wapo, na kuingia ni bure kabisa. Kuna ile treni ndogo ya kupanda kilima cha Fourvière, binti yetu tulipanda naye mara tatu, kanisa la juu hakulitazama hata dakika moja. Kutoka Lyon ukitaka theluji bila kukodi gari, panda TER, treni ya mkoa, mpaka Annecy, kama masaa mawili, kuna ziwa, kuna uwanja mkubwa wa nyasi wa kukimbia, na mlima wa Semnoz uko jirani kwa ajili ya kuteleza na kile kitoroli cha theluji wanakiita luge. Kwa umri huu nusu saa ya theluji inatosha, akishaishika na akailamba basi kazi imekwisha, anataka kurudi. Chamonix kule milimani na lile gari la kamba la kwenda kilele cha Aiguille du Midi lisahau kwa sasa, linapanda mpaka mita 3,777 na watoto chini ya miaka mitatu hawaruhusiwi.

Treni, na lile janga la saa nane

Hili lazima nilisimulie. Tiketi zao zinaandikwa 8h04, 14h28, namna hiyo. Mimi kwa haraka nikamwambia mwenzangu "treni yetu ni saa nane na dakika nne", yeye kwa akili zake timamu za Kiswahili akajua ni mchana, akatulia, akaenda kunywa kahawa. Saa mbili na dakika nne asubuhi treni inaondoka, mimi nimesimama kituoni na mtoto mgongoni na begi. Tokea siku ile kwenye safari zetu saa zinatajwa kama zilivyoandikwa, hakuna kutafsiri. Na milango ya TGV inafungwa dakika mbili kabla ya muda, sio kwa muda wenyewe.

Mtoto chini ya miaka minne hakatiwi kiti, anakaa mapajani bure. Ila kuna kitu kinaitwa forfait bambin, unalipia kidogo (nilipokata mimi ilikuwa euro 9) mtoto anapata kiti chake. Chukua. Kwa safari inayozidi saa moja na nusu hizo ni pesa utakazoshukuru kuzitoa, kwa sababu akilala unamlaza, akiamka ana sehemu ya kutandaza vitu vyake, na mapaja yako yanapumzika. Tiketi zenyewe kata mapema, bei zinapanda kadiri siku zinavyokaribia, na usichague treni ya asubuhi sana kwa sababu tu ina nafuu ya euro kumi, chagua ile inayoangukia muda wake wa kulala. Mabegi yote yaandike jina, ni lazima sio hiari, na kigari kiwe cha kukunjika kwa mkono mmoja maana mkono mwingine umeshika mtoto.

Fika kituoni nusu saa kabla basi. Kwenye vituo vikubwa vya Paris namba ya jukwaa wanaitangaza kama dakika ishirini tu kabla ya kuondoka, ukiwahi sana utakaa kwenye upepo bure, vile vituo viko wazi wazi.

Ndani ya Paris: kigari au mbeleko

Vyote viwili, ila ukilazimika kuchagua kimoja, mbeleko. Metro ya Paris ina ngazi. Sio ngazi kumi, ni ngazi za kushuka, korido ndefu, ngazi za kupanda kidogo, kona, ngazi tena. Laini ya 14 peke yake ndo ina lifti kila kituo, na kuanzia 2024 inafika mpaka uwanja wa ndege wa Orly, kwahiyo ukitua Orly una raha. Kwingine kote panda basi, kigari kinaingia kikiwa wazi, mtoto anaangalia dirishani, na mji mnauona bila kulipia ziara ya mtu. Mtoto chini ya miaka minne halipi. Mkubwa mwaka 2025 alikuwa analipa euro 2.50 metro na euro 2 basi.

Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle piga hesabu hivi: treni ya RER B mwaka 2025 ilikuwa euro 13 kwa mkubwa, wawili 26, afu mna ngazi na mabegi na mtoto aliyechoka. Teksi rasmi ina bei moja isiyobadilika, 2025 ilikuwa euro 56 upande wa kulia wa mto Seine na 65 upande wa kushoto. Siku ya kufika lipa teksi, siku ya kuondoka panda treni ukitaka. Na teksi chukua pale kwenye foleni yao rasmi, mtu akikufuata ndani kukuuliza unaenda wapi mpite.

Kuhusu vitu vya kuona, mnara wa Eiffel muuone kwa chini, dogo atavutiwa zaidi na njiwa. Kinachofanya kazi kwa umri huu ni manège, yale mabembea ya farasi ya kuzunguka, yako kila mtaa karibu, mengine wananing'iniza kidude cha manyoya juu na mtoto akikinyakua anapata mzunguko wa bure (utashangaa wewe mzazi unavyopiga kelele kuliko mtoto). Siku ya mvua nenda makumbusho ya Grande Galerie de l'Évolution ndani ya bustani ya Jardin des Plantes, pale kuna msafara wa wanyama waliokaushwa, tembo, twiga, pundamilia, wamepangwa wanatembea kama wanahama, ukubwa wao halisi, ndani kuna joto na kuna nafasi ya kukimbia. Jumanne wanafunga, kama makumbusho ya Louvre. Makumbusho ya Orsay yanafunga Jumatatu. Na Novemba mpaka kuisha sikukuu kuna vioo vya madukani Boulevard Haussmann, Galeries Lafayette na Printemps, midoli inacheza ndani ya dirisha na mbele wamewekea watoto jukwaa dogo la kusimama ili waone. Bure. Na ukiwa hapo tumia choo cha ndani kubadilisha pampasi, kwa sababu meza za kubadilishia mtoto kwenye migahawa ya Paris ni za kutafuta kwa tochi. Mi nimebadilisha mtoto juu ya koti langu sakafuni zaidi ya nilivyotegemea.

Pa kulala

Apatimenti yenye jiko, sio chumba cha hoteli, manake mtoto akilala saa moja jioni nyinyi mtakaa gizani mnanong'ona mpaka saa nne. Muulize mwenye nyumba mambo matatu tu: lifti ipo? kitanda cha mtoto kipo, wao wanaita lit parapluie? mashine ya kufulia ipo? Lifti uliza hata kama picha zinaonyesha jengo zuri. Sisi tulipanga sehemu moja safi sana ghorofa ya tano, ngazi za mbao za kuzunguka kama konokono, na ya tano yao inaanza kuhesabiwa juu ya ile ya chini. Kila tukitoka ni safari mbili, moja ya mtoto moja ya kigari.

Hita zao zinakausha hewa, mtoto anaamka pua imeziba na midomo imepasuka. Loanisha taulo uianike karibu na hita usiku, inasaidia. Na kama mnatokea mashariki jiandae, siku mbili za kwanza ataamka saa kumi alfajiri anataka kucheza, kwahiyo usiku wa kwanza mfike mkiwa na maziwa na kitu cha kula ndani, duka hakuna saa hizo.

Nguo

Kosa la wengi ni jaketi moja nene. Mavazi ni matabaka: fulana ya kubana ya mikono mirefu, taitsi chini ya suruali, sweta la sufu, afu ndo jaketi au ovaroli ya kuzuia upepo. Sababu ni kwamba nje ni nyuzi tatu na ndani ya basi au duka ni ishirini na mbili, mtoto anatoka jasho, mnatoka nje, lile jasho linapoa, usiku anakohoa. Kila mkiingia ndani vua tabaka moja hata kama ni dakika kumi, inachosha ila ndo hivyo. Mkague shingoni nyuma, sio viganja, viganja vya mtoto vipo baridi muda wote. Kwenye kigari weka ule mfuko wa kuingiza miguu, mtoto aliyekaa hatembei kwahiyo anapoa haraka kuliko wewe unayesukuma. Na ukikodi gari jaketi nene linavuliwa kabla ya kufunga mkanda wa kiti chake, halafu unamfunika nalo. Kiti cha mtoto ni lazima kisheria mpaka miaka kumi, na ukipanda milimani kuanzia 1 Novemba mpaka 31 Machi maeneo mengi yanadai matairi ya baridi au minyororo, hiyo muulize anayekukodisha kabla hujasaini.

Kula

Jiko la mgahawa linafunguliwa saa sita mpaka saa nane mchana, linafungwa, linafunguliwa tena saa moja usiku. Mtoto wako anakula saa kumi na moja na nusu. Usishindane nao, mlo mkubwa wa familia uwe mchana, chukua plat du jour, yaani chakula cha siku hiyo, bei ni nafuu na sahani ni kubwa, unammegea mtoto. Omba carafe d'eau, maji ya bomba ya bure. Jioni pikeni ndani. Katikati hapo kuna goûter, watoto wa Kifaransa wote wanakula kitu kwenye saa kumi jioni, utawaona barabarani na mikate mikononi, na mwanao atajiunga bila kuambiwa. Supamaketi zina vile vipakiti vya matunda yaliyosagwa vya kufyonza, compote, weka vitatu kwenye begi daima. Maziwa ya unga ya kuanzia mwaka mmoja yameandikwa lait de croissance. Jumapili mchana maduka mengi yanafungwa, tarehe 25 Desemba na 1 Januari ndo kabisa, nunua jana yake.

Ukienda Januari utakuta kila duka la mikate lina galette des rois, keki ya duara yenye lozi, tamu balaa. Ndani wanaficha kidude cha kauri kinaitwa fève, atakayekikuta ndo mfalme. Kidogo tu, kama kunde. Desturi yao ni mtoto mdogo kuliko wote anaingia chini ya meza na kutaja kipande kiende kwa nani, tukafanya hivyo, binti akajitaja mwenyewe, na mimi nikampa kipande bila kukichambua. Kilikuwemo. Nilikiona kati ya meno yake ya mbele. Chambua kipande cha mtoto kwa vidole mpaka kiwe makombo kabla hujampa.

Akiumwa

Mafua atapata, hilo weka kwenye bajeti. Famasi ni ule msalaba wa kijani, ziko kila kona. Omba sérum physiologique, vichupa vidogo vya plastiki vya maji ya chumvi, mlaze ubavu, mimina puani, atapiga kelele nyumba nzima isikie, afu atapumua. Homa wanatoa Doliprane ya maji, yaani paracetamol, na bomba lake la kupimia linaenda kwa kilo, kwahiyo jua uzito wa mwanao kabla ya kusafiri. Haipo kwenye rafu, unamuomba mfamasia. Daktari wa kuja mpaka mlangoni ni SOS Médecins, namba 3624. Dharura ya kweli ni 15, au 112.

Karatasi kwa haraka: wanaohitaji viza ya Schengen waombe miezi miwili mitatu kabla, mapema zaidi ya miezi sita hawapokei, chini ya miaka sita ada ya viza hakuna ila mkubwa ni euro 90, bima iwe ya angalau euro 30,000 na mtoto awemo, na kama mzazi mmoja anabaki beba ruhusa yake ya maandishi pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Cha mwisho, kofia nunua mbili za kufanana. Moja itapotea, kama sio kofia ni glavu. Ikipotea usinunue nyingine hapohapo, rudi njia mliyopita ukiangalia juu ya vyuma vya uzio na nguzo fupi za barabarani. Watu kule wakiokota kitu cha mtoto wanakitundika palepale kwenye usawa wa macho. Glavu yetu nyekundu tuliikuta kesho yake imevalishwa ncha ya uzio wa bustani, imelowa chapachapa, kidole gumba kimesimama kama inasimamisha basi.